Mwonjaji wa Chai wa Ngokolo

Siku mahari ya Mageni ilipopokelewa kule Ngokolo, Donatus alikuwa amekaa meza ya tatu kutoka mbele, anamalizia chapati ya pili, na hakuna aliyekuwa amemwalika. Hilo lisimshangaze mtu. Ukivaa koti la suti Shinyanga saa nne asubuhi, ukaingia hemani kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, upande wa bwana harusi watakudhani wa bibi harusi, upande wa bibi harusi watakudhani wa bwana harusi, na wote watakuongezea supu. Donatus alikuwa ameishi hivyo miaka mingi, na haikumbukwi Jumamosi hata moja aliyolala njaa.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye sauti ya taratibu na kucha safi. Huko nyuma, kwenye machimbo ya Geita, aliwahi kuuza dhahabu ambayo haikuwa dhahabu, akauza shimo ambalo halikuwa lake, na mara moja, kwa bahati mbaya, akauza kitu halisi, akajutia wiki nzima. Mali yake ya halali ilikuwa moja tu: gari dogo, IST ya rangi ya fedha, aliyoinunua kwa bei yake na kuilipia yote. Aliipenda kuliko ndugu zake, na alikuwa na sababu. Mtu akikudanganya baada ya kushuka garini, watu humwita mfanyabiashara. Akikudanganya baada ya kutembea kwa miguu, humwita tapeli.

Basi pale hemani akamwona mama wa bibi harusi, Klara, ambaye mji mzima humwita Mama Mageni, akipita meza kwa meza na chupa ya chai. Si kwamba alikosa wahudumu. Mama Mageni alikuwa na mialo miwili upande wa Nyarugusu, pale mchanga wa dhahabu unapoletwa kuoshwa, na nyumba yake ilikuwa na geti linalofunguka lenyewe. Ila siku hiyo alitaka kuwamiminia wakwe kwa mkono wake. Chai ilikuwa ya maziwa, imechemka na tangawizi na sukari tangu alfajiri, nzito ya kushibisha.

Akafika kwa Suzana, shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa ametoka Arusha na miwani mikubwa.

"Samahani, mama," Suzana akasema, akiziba kikombe kwa kiganja. "Mimi hunywa chai ya rangi tu. Tena ya majani marefu, yaliyolowekwa dakika nne kwenye birika lililopashwa moto. Hii mliyopika ni uji."

Meza ikacheka. Mama Mageni naye akacheka, maana wakwe ni wakwe, lakini Donatus, ambaye riziki yake ilikuwa kusoma nyuso za watu, aliiona shingo yake ikikaza. Mwanamke aliyeanza maisha kwa kuponda mawe na nyundo, akasomesha watoto watano, leo anaambiwa mbele ya koo mbili kwamba hajui kupika chai. Iliuma. Hata Donatus ilimuuma kidogo. Kisha akaiweka chini chapati, kwa sababu biashara alikuwa ameshaiona.

Siku kumi baadaye IST ilisimama mbele ya geti la Mama Mageni, imeoshwa hadi matairi. Siku hizo kumi Donatus alikuwa amezitumia vizuri: alitazama video za chai kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu, akaenda Mwanza kutafuta kopo moja la chai nzuri kweli, ya majani marefu yaliyosokotwa, birika la kauri na vikombe sita vyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Donatus. Mimi ni mwonjaji wa chai." Akatulia kidogo ili neno hilo lipate nafasi ya kukaa.

"Mwonjaji? Yaani mtu analipwa kwa kuonja?"

"Mama, kuna watu wanalipwa kwa kuosha mchanga."

Mama Mageni akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. Geti likafunguka.

Masomo yakawa kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, sebuleni, pazia likiwa wazi ili rangi ya chai ionekane kwa mwanga wa kweli.

"Kosa letu la kwanza," Donatus akafundisha, "ni kuchemsha majani. Jani la chai halichemshwi, mama, linalowekwa. Kinachochemshwa ni maji, tena yaliyotekwa sasa hivi, si yaliyolala kwenye chupa tangu jana. Birika lipashwe kwanza. Kijiko kimoja kwa kila kikombe. Funika. Subiri dakika nne."

"Hizo dakika nne nafanya nini?"

"Unasubiri."

"Vumilia!" Mama Mageni akaita. Vumilia alikuwa dada wa kazi, mtu mzima wa kukaribia miaka arobaini, amekaa nyumba ile miaka kumi na miwili. "Njoo tusubiri."

Wakasubiri watatu, wakilitazama birika. Kisha Donatus akamimina, akachukua kijiko, akavuta chai kwa mdomo kwa mlio uliomfanya kuku aliyekuwa barazani ageuke.

"Vuta kwa kelele, mama. Hewa ndiyo inayofungua harufu."

"Mimi mama yangu alinichapa kwa kelele hizo."

"Alikosea, Mungu amrehemu. Sasa tema humu kwenye ndoo."

"Niteme chai ya watu?"

"Mwonjaji hamezi."

Mama Mageni alitema, kwa aibu mara ya kwanza, kwa shabaha mara ya pili. Vumilia alimeza, akasema yeye hakuajiriwa kutema.

Na hapa ndipo penye huzuni ya mkasa huu, ikiwa mtu anaitafuta: Donatus alifundisha vizuri. Tapeli wa kawaida angesema maneno mawili matatu ya kuzuga na kwenda zake. Donatus alikuwa na fahari ya kazi. Alimwonyesha mama yule tofauti ya jani zima na vumbi, akamfunza kunusa majani makavu kabla na majani yaliyolowa baada, akamweleza kwa nini chai ya dakika sita huwa chungu. Somo alilolipenda zaidi, maana lilimfanya aonekane na hekima, lilikuwa la ulimi.

"Rangi inaweza kukudanganya," alisema, amefumba macho. "Ulimi haudanganyiki. Chai ya kweli lazima ikushike pembeni mwa ulimi, hapa na hapa. Huo ukakasi ndio roho yake."

Wiki ya tatu, Mama Mageni alionja akiwa ameipa kisogo meza. "Hii umeisahau dakika moja," akasema. Donatus akatazama saa yake. Alikuwa ameisahau dakika moja. Alicheka, akampongeza, na jioni ile akiendesha gari alijikuta anafurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Furaha hiyo aliifukuza haraka, akakanyaga mafuta kuelekea Tinde.

Huko Tinde, nyuma ya chumba cha kupanga, mabati sita yalikuwa yametandazwa juani, na juu yake ilikuwa inakauka chai. Ilikuwa ni ile iliyokwisha kupikwa. Donatus aliiomba kwa mama lishe na hoteli za barabarani, akisema anafuga kuku wa aina fulani. Alikuwa ameikausha, akainyunyizia sukari iliyounguzwa ili itoe rangi, akaikausha tena. Kwenye machimbo, mchanga uliooshwa mara moja ukawekwa ili uje kuoshwa tena huitwa marudio, na Donatus, akiwa peke yake na moyo mweupe, aliita chai yake jina hilohilo. Yakatimia magunia kumi. Juu ya kila gunia akatandaza vikonzi viwili vya chai halisi, kwa heshima.

Alhamisi iliyofuata aliweka kikombe chini na kushusha sauti.

"Mama, kuna shamba moja milimani, jina silitaji. Chipukizi lao la kwanza haliendi dukani kabisa. Mwaka huu yamebaki magunia kumi, na mimi ndiye niliyepewa kuyatafutia mnunuzi."

"Shinyanga hii hatakuwa nayo mtu mwingine?"

"Hata Arusha, mama."

Hapo Donatus aliona lile alilokuwa analingoja. Macho ya Mama Mageni yalikwenda dirishani, yakakaa huko kidogo, na bila shaka huko yaliona miwani mikubwa ikiomba kikombe cha pili.

"Yalete," akasema.

Yakaletwa Jumamosi asubuhi kwa gari la mizigo, yakapangwa barazani. Donatus akafungua gunia la kwanza kwa madaha, akamkaribisha mama anuse juu. Mama Mageni hakunusa. Alikunja mkono wa blauzi, akauzamisha ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akaja na konzi la chini kabisa. Mtu aliyenunua mawe ya dhahabu miaka thelathini hachukui cha juu. Donatus alihisi jasho likimshuka mgongoni chini ya koti.

Maji yakachemka. Birika likapashwa. Dakika nne zikapita, ndefu kuliko dakika nne zote alizowahi kufundisha. Mama Mageni akavuta kwa kelele, akazungusha mdomoni, akatema. Akavuta tena, akatema tena. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Donatus, ng'wanone," akasema mwishowe, akimwita mwanawe kwa Kisukuma, "tangu nizaliwe sijawahi kuonja kitu cha namna hii."

"Nilijua, mama," Donatus akajibu, na pumzi ikamrudia.

"Nachukua yote. Njoo kesho asubuhi tuzungumze bei."

Jumapili asubuhi akampokea barazani. "Bei yako sina neno nayo, mwanangu. Ila fedha taslimu sina. Msimu huu zimekwenda kwenye harusi." Akanyoosha kidole uani, ambako magunia sitini yalikuwa yamepangwa kando ya ukuta. "Nina marudio yale. Yametoka shimo zuri, yameoshwa mara moja tu, haraka haraka. Niliyaleta hapa kwa kuogopa wezi wa mwaloni. Ukiyaosha vizuri utapata kuliko bei ya chai yako."

Sasa Donatus hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alijua wauzaji wanaopandikiza dhahabu kwenye sampuli, na alizijua njia zote, kwa kuwa nyingi alizitumia yeye: majivu ya sigara yenye chembe ndani, kucha ndefu, karai lililopakwa mafuta chini, shahidi anayepiga chafya karibu. "Sampuli nachukua mwenyewe," akasema.

"Mali ni yako, chagua."

Akachagua magunia matano ya katikati, yale ambayo yeye angeficha ubaya ndani yake. Akachota konzi kutoka ndani ya kila moja, akatia kwenye karai alilolisugua kwa mkono wake mpaka likang'aa. Akamtaka Vumilia asimame mbali. Akazitazama kucha za Mama Mageni, zilikuwa fupi. Hakuna aliyevuta sigara nyumba ile. Akatabasamu.

"Mikono yako imechafuka, mwanangu," Mama Mageni akasema. "Ngoja nikunawishe."

Akaja na jagi la maji na kisosi cha sabuni ya unga, na mbele ya macho ya Vumilia, tajiri yule wa mialo miwili akapiga magoti. Donatus hakuwahi kupigiwa magoti na mtu wa kiwango kile. Aliinamisha shingo kwa unyenyekevu, akakinga viganja juu ya karai, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na kwa sababu maji ya Shinyanga hayamwagwi ovyo. Sabuni ikanyunyizwa viganjani, maji yakamiminika, povu likashukia kwenye mchanga.

"Hayo ndiyo maji yako ya kuanzia," mama akasema, akiinuka taratibu kwa sababu ya goti lake. "Sabuni inasaidia, dhahabu nyepesi haitaelea."

"Najua, mama," Donatus akasema. Ni kweli alijua.

Akaosha. Alizungusha karai, akamwaga tope, akaongeza maji, akazungusha tena, na pale chini, kwenye ukingo, ukajitokeza mkia wa njano wa dhahabu, mrefu kuliko mikia yote aliyowahi kuiona kwenye makonzi matano ya mchanga. Ilibidi akohoe ili kuficha uso. Moyoni alimwonea mama yule huruma. Maskini alikuwa amekaa juu ya utajiri, anautoa kwa magunia kumi ya makapi.

Mama Mageni naye aliinama, akautazama mkia, akashtuka.

"Aa! Kumbe ni hivi? Basi biashara imekufa, mwanangu. Chai yako haifiki hapa."

"Mama, tulishakubaliana!"

"Tulikubaliana kabla sijaona. Ongeza kitu."

"Niongeze nini? Sina kitu."

Mama Mageni akatazama getini, ambako IST ilikuwa inang'aa juani.

Donatus alisita kwa muda ambao, kwa mtu wa hulka yake, ulikuwa mrefu sana. Alifikiria magunia sitini, akayazidisha kwa ule mkia, akapata nyumba ya ghorofa Kahama na magari mawili makubwa. Kabla ya adhuhuri wote watatu walikuwa kwa mwenyekiti wa mtaa, karatasi zimesainiwa, funguo zimehama mkono. Zile chembe za kwenye karai alimwachia Vumilia, kwa ukarimu wa tajiri mpya.

Jumatatu asubuhi lori lilimshusha Donatus na magunia yake kwenye mwalo wa Herman, nje kidogo ya mji wa Geita, mbali na mialo ya Mama Mageni. Herman alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, na masharti yake yalikuwa yale ya mialo yote: hakutozi hela ya kuoshea, dhahabu unachukua wewe, mchanga unaobaki anabaki nao yeye.

Wakaosha gunia la kwanza. Hapakuwa na kitu. Wakaosha la pili, la tano, la kumi. Donatus alivua tai. Kufikia saa nane walikuwa wameosha thelathini, na kwenye zulia la mwalo, ambapo dhahabu hunasa, palikuwa na mchanga mweusi na nzi mmoja. Herman akachota kiganja, akakisugua kwa kidole gumba, akakimwaga.

"Huu mchanga umeoshwa mpaka umechoka," akasema. "Watu hununua huu kusawazisha uwanja kabla ya kumwaga zege. Umeutoa wapi?"

"Shinyanga. Nilichukua sampuli mwenyewe, mzee. Kwa mkono wangu."

"Karai la nani?"

"Nililisugua mimi."

"Kuna aliyevuta sigara?"

"Hakuna."

Herman akavua kofia, akajikuna. "Ulinawa?"

Donatus akatazama viganja vyake.

"Nakuuliza, ulinawishwa?"

"Alinipigia magoti," Donatus akasema, kwa sauti ya chini.

"Sabuni ya mche au ya unga?"

"Ya unga."

Herman alicheka mpaka akashika nguzo. Waoshaji wengine wakaja kuuliza, akawasimulia, nao wakashika nguzo. Donatus akafikiria kwenda polisi, akafikiria swali la kwanza ambalo polisi wangemuuliza, akaacha kufikiria polisi. Akapiga simu.

"Donatus," Mama Mageni akapokea. "Umefika salama?"

"Mama, mchanga hauna kitu."

"Na chai haikuwa na kitu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Donatus. "Rangi ilikuwepo, na utamu wa sukari iliyoungua. Pembeni mwa ulimi, hapa na hapa, hakuna. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Nimeishi na marudio miaka thelathini, yakiwa hata ndani ya birika nayafahamu."

"Ungenifukuza tu, mama."

"Ukamfuate mjane mwingine?" Nyuma yake ilisikika honi ya IST, ikipigwa na mtu asiyejua honi iko wapi. Vumilia alikuwa anajifunza kuendesha. "Donatus, niliumia. Zile Jumanne nilikuwa nazipenda. Tangu mume wangu afariki hakuna aliyekaa na mimi akanifundisha kitu bila kuharakisha. Kwa lile kopo la kwanza tu nilikuwa nimeshakuwekea zawadi kabatini: kipande cha dhahabu, ukubwa wa punje ya karanga, cha shimo letu la kwanza. Nilisema siku akileta magunia nitampa, kabla hata ya kuzungumza bei."

Donatus akawapa waoshaji kisogo. "Kipo wapi, mama?"

"Nilikipiga tupa usiku kucha nikakichanganya na sabuni. Ndicho ulichonawa."

Simu ikakatika, au yeye mwenyewe aliikata, hakumbuki. Alibaki ameishika sikioni. Alikuwa amewahi kukamatwa, kupigwa na kukimbizwa na mbwa, na katika yote hayo hakuwahi kuona haya. Sasa aliona haya mbele ya rundo la mchanga. Alikuwa amekishika kipande kile kwa viganja vyote viwili, kikiwa chake kwa haki, na akakinawa.

"Sasa kijana," Herman akasema nyuma yake. Alikuwa amemaliza kucheka. "Mchanga wako."

"Si unabaki nao wewe, mzee? Ndiyo desturi."

"Desturi ni ya mchanga wenye kitu. Huu siutaki, hata wa bure. Uondoe kabla jua halijazama, kuna watu wana mali ya kweli wanasubiri nafasi."

Akamnyooshea koleo. Donatus akavua koti la suti, akatafuta mahali pasafi pa kulitundika, akakosa, akalivaa tena. Akachukua koleo, akaanza na rundo lililokuwa karibu.